Je, wajua kwa nini mpanda milima mkongwe akihojiwa husimulia kushuka kuliko kufika kileleni?

Sikiliza podikasti ya saa nzima ambamo mpanda milima mwenye miaka sabini na ushee anahojiwa. Mtangazaji hawezi kujizuia, mapema tu atauliza: "Ulijisikiaje ulipofika juu?" Mara nyingi jibu huwa fupi hadi linakera. Baridi, uchovu, picha mbili tatu, tukageuka. Lakini subiri wafike kwenye safari ya kurudi. Hapo mzee anachangamka, anakumbuka kamba ilifungwa wapi, nani alitangulia, tochi ya nani iliisha betri. Kwa nini?

Mchukue Mwingereza Doug Scott, aliyefariki mwaka 2020. Julai 1977 yeye na Chris Bonington walifika kilele cha Ogre, mlima wenye mita 7,285 katika safu ya Karakoram, Pakistan. Walifika jua likizama. Scott akaanza kujishusha kwa kamba, akakanyaga barafu nyembamba iliyogandia mwambani, mguu ukateleza, akabembea na kamba hadi ukuta wa upande wa pili. Miguu yote miwili ilivunjika juu kidogo ya vifundo. Walilala nje usiku huo bila mifuko ya kulalia. Kesho yake wakakutana na wenzao, Mo Anthoine na Clive Rowland, kisha dhoruba ikawafungia pangoni kwenye theluji. Chakula kikaisha. Njiani Bonington naye akaanguka, akavunjika mbavu. Kutoka huko hadi kambi ya chini Scott alitambaa kwa magoti takriban wiki nzima, nguo zikatoboka magotini. Kutoka kambini wapagazi wa Kibalti, wenyeji wa milima hiyo, wakambeba kwa machela. Mtu wa namna hiyo ukimuuliza kuhusu kilele, akueleze nini? Alikaa pale muda mfupi tu.

Kisa cha Scott si cha ajabu kwa mpangilio wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 katika jarida la kitabibu la BMJ ulipitia vifo vya mlima Everest kuanzia 1921 hadi 2006. Kati ya wapandaji 94 waliokufa baada ya kuvuka mita 8,000, 53 walikufa wakishuka kutoka kileleni na 16 wakiwa wamegeuka kabla ya kufika. Waliokufa wakipanda walikuwa 9. Wahenga walishasema, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Sababu ya kwanza ya kushuka kuwa hatari ni mwili wenyewe. Unaposhuka, misuli ya mapaja hubeba uzito huku inavutwa, na hiyo huchana nyuzi zake kuliko kupanda kunavyofanya. Aliyekwenda Kilimanjaro haambiwi. Mnaamshwa usiku wa manane, mnapanda pole pole, mnafika Uhuru, mita 5,895, asubuhi. Kwa njia ya Mweka siku haijaisha. Mnateremka kwenye changarawe inayoteleza hadi kambi iliyo kwenye mita 3,100 hivi, mita karibu 2,800 kwa siku moja, na kesho yake hata ngazi za hotelini unazishuka kinyumenyume.

Sababu ya pili ni hewa. Kileleni Everest msukumo wa hewa ni kama theluthi moja tu ya ule wa usawa wa bahari. Ubongo unakosa oksijeni, na mtu anaamua vibaya bila kujua kwamba anaamua vibaya. Hatari hii inawakuta watu wanapokuwa wamechoka, mitungi ya oksijeni inaelekea kuisha na giza linakaribia. Ndiyo maana waongozaji huweka saa ya kugeuka. Umefika, hujafika, saa ikigonga unarudi. Tarehe 10 Mei 1996 huko Everest saa ya kugeuka, saa nane mchana, ilipita watu wakiendelea kupanda, dhoruba ikaja, na wanane wakafa. Watano kati yao walikuwa upande wa kusini, na wote watano walikuwa wamekwisha kusimama kileleni.

Hewa hiyohiyo nadhani ndiyo inayofupisha majibu. Ubongo wenye njaa ya oksijeni hauhifadhi mambo vizuri. Kwa hiyo mzee anaposema "sikumbuki sana", usidhani anajifanya mnyenyekevu.

Kuna jambo jingine ambalo msikilizaji hulisahau kirahisi: anayehojiwa ni aliyerudi. Wale wasiojali saa ya kugeuka wengi hawakufika umri wa kuitwa wakongwe. Mmarekani Ed Viesturs aligeuka mwaka 1987 akiwa amebakiza kama mita 100 kufika kilele cha Everest. Alikifikia mwaka 1990, na kufikia 2005 alikuwa amepanda milima yote 14 inayozidi mita 8,000 bila oksijeni ya mtungi. Msemo wake maarufu ni kwamba kufika juu ni hiari, kushuka ni lazima. Akisimulia alivyogeuka, anaeleza kwa nini yuko hai mbele ya maikrofoni.

Na kushuka pia ndiko wanakodaiwa maelezo. Mwaka 1970 Mwitaliano Reinhold Messner na mdogo wake Günther walifika kilele cha Nanga Parbat, Pakistan, wakashukia upande mwingine wa mlima, na Günther hakurudi. Mabaki yake yalionekana mwaka 2005. Kwa miongo mingi Messner ameulizwa swali hilohilo, mdogo wake alipoteaje wakishuka, na sidhani kuna aliyemuuliza sana kuhusu kilele chenyewe.

Kinachonisikitisha kwenye podikasti hizi ni waliokosekana. Wapagazi waliombeba Scott nao wana kushuka kwao, na hatuwasikii. Kwetu waongozaji wapo, Marangu na Machame, na Kiswahili wanakijua. Mwenye kinasa sauti asiwaulize wamefika Uhuru mara ngapi. Awaulize mgonjwa anashushwaje usiku kwa ile machela ya gurudumu moja, nani anashika mbele, nani anazuia nyuma, na mvua ikinyesha inakuwaje.