Foleni pepe: maana yake kwa mgeni wa bustani ya burudani

Foleni pepe ni utaratibu wa kumwekea mtu zamu yake bila kumlazimu kusimama pale foleni ilipo. Jina ni jipya, lakini jambo lenyewe si geni kwa yeyote aliyewahi kupanga dumu lake bombani, akarudi nyumbani kuchochea moto, kisha akaja tena maji yalipokaribia kumfikia: dumu lilishika nafasi, mwenyewe akaendelea na shughuli zake. Katika bustani kubwa za burudani, ambako wageni hulipa kiingilio cha siku nzima ili wapande vigari vya reli vinavyoteremka kwa kasi, mashua za kwenye mapango ya kubuni na mitambo mingine ya kusisimua, kazi ya lile dumu hufanywa na simu ya mkononi.

Dhana hii huchanganywa na mambo mengine mawili yanayofanana nayo, yaani miadi na njia ya kulipia, na anayepanga ziara hana budi kuyatenganisha. Mfano ulio wazi zaidi ni Walt Disney World ya Florida, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1971. Kwa karibu miaka 30 ya mwanzo mgeni wa kawaida alikuwa na foleni moja tu, ile ya kusimama, ambayo aliyetangulia kufika hutangulia kupanda. Mwaka 1999 ikaanzishwa FastPass, ambayo kwa hakika ilikuwa miadi: mashine ilikupa kikaratasi, bila malipo, kilichotaja kipindi cha saa moja ambacho ungerudi na kupita njia fupi. Mwaka 2021 nafasi ya miadi hiyo ya bure ikachukuliwa na Lightning Lane, ambayo hulipiwa juu ya kiingilio. Foleni pepe kamili ilionekana Desemba 2019, mchezo wa Rise of the Resistance ulipofunguliwa. Hapo hapakuwa na foleni ya kusimama mlangoni. Mgeni alijiandikisha kwa simu, akapewa namba ya kundi, akasubiri kundi lake liitwe.

Tofauti kati ya miadi na foleni pepe ni kwamba miadi hutaja saa, ilhali foleni pepe hutaja namba tu, na saa ya namba hiyo kuitwa hutegemea jinsi mtambo unavyokwenda siku ile. Mtambo ukiharibika asubuhi, makundi yote ya nyuma huchelewa kupita saa zilizokadiriwa, na anayeshikilia namba kubwa huweza kujikuta akiitwa usiku. Kwa miaka kadhaa uandikishaji wa michezo mipya ya hapo ulifunguliwa mara mbili kwa siku, saa 1 asubuhi na saa 7 mchana kwa hesabu ya Kiswahili. Msomaji aangalie hapo, kwa sababu simu huandika 7:00 kwa ile ya asubuhi, na nafasi zilizokuwa zikijaa kwa dakika chache hazikumngoja aliyechanganya saa.

Ili kuelewa kwa nini utaratibu huu unasaidia, na mahali unaposhindwa, ni lazima kwanza kuujua uwezo wa mtambo kwa saa. Tuchukue treni ya viti 24 inayoondoka kila baada ya dakika 1: inabeba watu 1,440 kwa saa, na mtu mwenye watu 720 mbele yake atangoja nusu saa. Uhusiano huu kati ya idadi ya walio foleni, kasi ya kuhudumiwa na muda wa kungoja ndio unaoitwa kanuni ya Little, kwa jina la John Little, Mmarekani aliyechapisha uthibitisho wake mwaka 1961. Ndiyo maana urefu wa foleni unaouona kwa macho hudanganya. Mashua za mchezo wa Pirates of the Caribbean, wa hapohapo Florida, humeza watu wengi kwa mfululizo, hivyo foleni yake ndefu huyeyuka upesi. Vijimerikebu vya mchezo wa Peter Pan's Flight hubeba watu wachache kila kimoja, na foleni yake fupi inaweza kumshikilia mzazi na mtoto kwa muda mrefu.

Sasa tuseme robo tatu ya viti vya treni yetu wamewekewa wenye miadi. Waliosimama wanabakiwa na viti 360 kwa saa, na yule mtu mwenye watu 720 mbele yake, ambaye angengoja nusu saa, atangoja saa 2. Hakuna kiti kilichopotea na hakuna kilichoongezeka. Miadi na foleni pepe haziongezi hata kiti kimoja. Zinahamisha kungoja, ama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, ama kutoka kwenye kamba za foleni kwenda kwenye benchi, mgahawa na njia za kupita, ambazo nazo hujaa. Kwa maoni yangu, njia ya kulipia haistahili kuitwa foleni pepe hata kidogo: ni uuzaji wa zamu, na bei yake hupanda siku ambazo foleni ni ndefu zaidi, yaani siku ambazo asiyelipa huumia zaidi. Foleni pepe halisi, ambayo wote huingia bila malipo, huhamisha mahali pa kungojea tu.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini wazoefu husisitiza kufika kabla lango halijafunguliwa. Foleni hujilimbikiza kama deni. Wakija watu 1,800 kwa saa kwenye mtambo wa watu 1,440, kila saa huacha nyuma watu 360, nao ni robo saa zaidi ya kungoja kwa kila atakayefuata. Baada ya saa 4 za namna hiyo, anayefika anangoja saa nzima kwa mchezo ambao mtu wa asubuhi aliupanda papo hapo. Kwa hiyo saa ya kwanza ipewe ule mtambo wenye uwezo mdogo na sifa kubwa, na wanaolala katika hoteli za Disney huko Florida huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine. Mchana uachiwe chakula, maonyesho na mashua zimezazo watu wengi, hasa miezi ya joto, kwani mvua za radi za alasiri hufungisha michezo ya nje kwa muda. Jioni deni huanza kulipwa, familia zenye watoto wadogo zinapoondoka, na aliyeingia foleni kabla ya dakika ya kufunga kwa kawaida hupandishwa hata baada ya saa hiyo.

Wenye watoto wapime urefu wa watoto hao nyumbani: mchezo wa Space Mountain wa Florida hudai angalau sentimita 112, na upo utaratibu wa wazazi kupokezana, mmoja akibaki na mtoto, kisha mwingine akapanda bila kuanza foleni upya. Asiyejali kutenganishwa na wenzake atafute njia ya wapanda-peke-yao, kama ile ya mchezo wa Expedition Everest, inayojaza viti vinavyobaki wazi.

Muda unaoandikwa kwenye bango la mlangoni nao una maana yake. Kwa miaka mingi, mojawapo ya njia za kuupima ilikuwa kumpa mgeni kadi nyekundu anapoingia foleni, naye akaikabidhi anapofika kwenye kupanda. Kadi hiyo hueleza muda wa aliyekwisha kungoja, si wako: saa 5 asubuhi, watu wakiendelea kumiminika, bango la dakika 60 huenda likageuka 75 kabla hujafika mbele, na saa 3 usiku dakika 60 zilezile huweza kuwa 40.