Simu ya mhudumu wa afya kijijini inahitaji mtu wa kuijibu

Kazi yangu ni kuandaa na kusimamia mifumo ya simu inayotumiwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao wengi tumezoea kuwaita WAJA. Maofisa wa halmashauri na wafadhili huniuliza mara nyingi ni programu gani iwekwe kwenye simu hizo, na simu yenyewe iwe ya aina gani. Wana haki ya kuuliza, lakini mimi huanza na swali jingine: ujumbe wa mhudumu ukishatumwa, nani anaupokea, na ana uwezo wa kufanya nini siku hiyo hiyo? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama simu itamsaidia mgonjwa au itakuwa mzigo mwingine begani mwa mtu ambaye tayari amebebeshwa mengi.

Utafiti uliofanyika hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2012 unalionyesha jambo hili waziwazi kuliko mwingine wowote ninaoufahamu. Wahudumu walitumiwa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha wateja waliopaswa kuwatembelea, na mhudumu asipokwenda hata baada ya kukumbushwa, taarifa ilipelekwa kwa msimamizi wake. Wastani wa siku ambazo ziara zilichelewa ulishuka kutoka 9.7 hadi 1.4, yaani pungufu ya asilimia 86, ingawa taarifa zilizomfikia msimamizi zilikuwa chache sana. Watafiti walipoiondoa hatua ya kumjulisha msimamizi na kuacha ukumbusho peke yake, utendaji ulishuka tena kwa kiasi kikubwa, ilhali ukumbusho wenyewe ulikuwa ukiendelea kutumwa. Wapo wanaousoma utafiti huu kama ushahidi kwamba wahudumu hawafanyi kazi mpaka watishwe, nami sikubaliani nao hata kidogo. Mtu anayezunguka vitongoji kwa miguu, aghalabu kwa posho ndogo au bila posho kabisa, anahitaji kujua kwamba kuna anayeiona kazi yake na anayejali ikifanyika au isipofanyika.

Mfano wa pili unahusu zahanati na vituo vya afya zaidi kuliko wahudumu wa jamii, lakini funzo lake ni lile lile. Kati ya mwaka 2009 na 2010, mradi wa SMS for Life ulijaribiwa kwa wiki 21 katika vituo 129 vya wilaya za Lindi Vijijini, Kigoma Vijijini na Ulanga. Kila wiki mtumishi wa kituo aliulizwa kwa ujumbe mfupi ana akiba kiasi gani ya dawa za malaria, naye akajibu kwa namba chache tu, na takwimu hizo zikawafikia wasimamizi wa wilaya. Mwanzoni asilimia 78 ya vituo vilikuwa vimeishiwa angalau aina moja ya dawa hizo, na mwishoni ilikuwa asilimia 26. Kinachonivutia zaidi ni tofauti kati ya wilaya: Lindi Vijijini ilitoka asilimia 57 ikafika sifuri, wakati Kigoma Vijijini ilitoka 93 ikaishia 47. Maswali yalikuwa yale yale na simu za kawaida zile zile. Kwa jinsi ninavyoielewa kazi hii, tofauti ya namna hiyo haitokani na simu, bali na kinachofuata baada ya ujumbe kusomwa, yaani kama ghala lina dawa, kama gari lina mafuta, na kama kuna mtu mwenye mamlaka ya kuhamisha dawa kutoka kituo chenye ziada kwenda kilichopungukiwa.

Wala si lazima iwe simu janja. Katika hospitali ya St. Gabriel huko Namitete, Malawi, wahudumu 75 walipewa simu za kawaida, na hospitalini kukawa na kompyuta moja iliyopokea ujumbe wao na watumishi waliokuwa na wajibu wa kuujibu. Idadi ya wagonjwa wa kifua kikuu ambao mpango wa hospitali hiyo uliweza kuwahudumia iliongezeka kutoka 100 hadi 200.

Simu janja inazidi pale inapomwongoza mhudumu hatua kwa hatua mbele ya mgonjwa. Tuseme amemkuta mtoto wa miezi minane mwenye kikohozi. Simu inamuuliza kwanza kama mtoto anashindwa kunyonya, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege, na kama amelegea au hazinduki vizuri. Jibu la ndiyo kwa swali lolote kati ya hayo linatosha kutoa rufaa ya haraka. Kama hakuna dalili ya hatari, inamtaka amfunue mtoto kifua na kuhesabu pumzi huku kioo kikionyesha sekunde zikipungua kutoka 60 hadi sifuri. Kwa kuwa tarehe ya kuzaliwa ilishaingizwa, simu inajua kwamba kwa mtoto huyu pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka, wakati kwa aliyetimiza mwaka mmoja kipimo kingekuwa 40. Mhudumu halazimiki kukumbuka jedwali, ingawa bado anapaswa kujua kwamba mtoto anayelia au anayenyonya hahesabiwi pumzi, na hilo linafundishwa kwa mazoezi na mkufunzi, si kwa kioo.

Baada ya hapo ndipo mifumo mingi inapokatika. Simu inaandika kwamba mtoto apelekwe zahanati, mama anafunga safari, anafika na kukaa kwenye foleni kama mtu mwingine yeyote kwa sababu muuguzi hana habari naye, na mhudumu aliyemtuma hajui kama alifika, alitibiwa au alirudi njiani. Mfumo ninaoukubali mimi unapeleka taarifa ya rufaa zahanati kabla mama hajafika, unamwezesha muuguzi kuandika alichokikuta na alichokifanya, kisha unairudisha taarifa hiyo kwenye simu ya mhudumu pamoja na siku ya kwenda kumwona mtoto tena. Nimewaona wahudumu ambao kitu cha kwanza wanachokitafuta asubuhi wakiwasha simu ni majibu ya rufaa za jana. Hao hawahitaji kusukumwa kutuma taarifa.

Mengine yanajulikana, ila hayapewi bajeti. Programu lazima ifanye kazi bila mtandao na kutuma taarifa unapopatikana. Fedha za bando na za kuchajia simu zisitoke mfukoni mwa mhudumu. Simu iwe na namba ya siri, kwa sababu nyumbani inashikwa na watoto na wenza, na ndani yake mna habari za VVU na uzazi wa mpango za majirani. Na ikiwa taarifa imeingia kwenye simu, asilazimishwe kuiandika tena kwenye daftari ili tu vitabu vya MTUHA, yaani mfumo rasmi wa taarifa za huduma za afya, vijae, kwani mwisho wa mwezi atakaa kujaza makaratasi wakati kaya zinamsubiri.

Mpango wa taifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, uliozinduliwa tarehe 31 Januari 2024, unakusudia kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Kwa ukubwa huo, ningependa kila halmashauri, kabla ya kugawa simu ya kwanza, iandike jina la cheo cha atakayepokea rufaa katika kila zahanati, saa ambazo anapaswa kuwa amejibu, na atakayeshika nafasi yake akiwa likizo au semina. Muda wa kazi hiyo uingizwe kwenye majukumu yake rasmi, maana muuguzi aliye peke yake zahanati, mwenye kliniki ya wajawazito asubuhi na mzazi chumba cha kujifungulia, hawezi kuongezewa simu ya kujibu bila kuongezewa mtu wa kumsaidia.