Benki ya Chakula: Maana na Chimbuko Lake

Benki ya chakula ni ghala lisiloendeshwa kwa faida, ambalo hupokea vyakula vilivyo salama kuliwa lakini vilivyokosa soko, huvichambua na kuvihifadhi, kisha huvifikisha kwa wenye uhitaji. Ghala hilo si jiko la kupikia maskini, ingawa majiko ya namna hiyo huwa miongoni mwa wanaolitegemea. Uhai wake uko mikononi mwa wakulima, viwanda na maduka yanayotoa mazao na bidhaa, na zaidi mikononi mwa watu wa kujitolea wanaopakua mizigo, kukagua tarehe za mwisho wa matumizi na kufungasha. Ukaguzi huo unastahili kupewa uzito mkubwa, kwa sababu mwenye njaa ana haki ya chakula salama sawa na mteja anayelipa.

Utaratibu huu ulianzia Phoenix, jimboni Arizona nchini Marekani, mwaka 1967. John van Hengel, mfanyabiashara mstaafu aliyekuwa akijitolea katika jiko la hisani la Kikatoliki, alikuwa ameanza kukusanya matunda ambayo wenye miti hawakuyahitaji. Mama mmoja mwenye watoto kumi alimweleza kuwa aliwalisha wanawe kwa vyakula vilivyotupwa nyuma ya duka, tena vikiwa bado vizima, na kwamba pangefaa pawepo mahali ambapo wenye ziada wangeweka na wenye uhitaji wangechukua. Kwa hiyo wazo lenyewe lilitoka kwa mtu aliyeijua njaa, jambo ambalo masimulizi mengi hulipita haraka mno. Parokia ya Mtakatifu Maria ilimpa van Hengel jengo la zamani la kuokea mikate pamoja na dola 3,000, na katika mwaka wa kwanza ghala hilo liligawa takriban tani 125 za chakula.

Mwaka 1976 sheria ya kodi ya Marekani ilibadilishwa, na kampuni zikapata nafuu zaidi zilipotoa bidhaa badala ya kuzitupa. Benki nyingine zikachipuka, na mwaka 1979 ukaundwa mtandao wa kitaifa ambao leo huitwa Feeding America. Kanada ilipata benki yake ya kwanza mjini Edmonton mwaka 1981, na Ufaransa mwaka 1984.

Matumizi ya jina hili hutofautiana. Nchini Marekani benki ya chakula kwa kawaida ni ghala kuu linalohudumia vituo vidogo vya ugawaji, ilhali Uingereza jina hilohilo hutajwa kwa kituo chenyewe, ambako familia hupewa chakula cha siku chache, mara nyingi kwa barua ya daktari, mwalimu au afisa wa ustawi wa jamii. Nchini Kenya, kazi hii hutegemea kwa sehemu kubwa mboga na matunda mabichi, yakiwemo yaliyolimwa kwa ajili ya kuuzwa nje na kukataliwa kwa sababu ya ukubwa au umbo tu.