Kupima usahihi wa hojaji za ulaji: maana yake ni nini?

Mtu mzima wa Mombasa akiulizwa, "Mwaka huu uliopita umekuwa ukila wali mara ngapi kwa wiki, na kiasi gani kila mara?" atajibu. Je, jibu hilo linalingana na alichokula kweli? Kulichunguza hilo, kabla majibu hayajatumika kueleza chanzo cha kisukari au presha, ndiko kupima usahihi wa hojaji ya ulaji.

Hojaji yenyewe ni orodha ndefu ya vyakula. Mbele ya kila chakula mtu anataja anakila kila siku, mara mbili kwa wiki au mara moja kwa mwezi, kisha anataja kiasi. Majibu hugeuzwa kuwa protini, mafuta na chumvi kwa kutumia majedwali ya virutubisho. Kenya ina majedwali yake ya mwaka 2018.

Wengi huchanganya usahihi na uthabiti. Hojaji ni thabiti ikiwa mtu yule yule, akiulizwa tena baada ya wiki kadhaa, anatoa majibu yanayokaribiana na ya kwanza. Hilo ni jema lakini halitoshi, maana mizani inayopunja leo hupunja vile vile kesho. Aliyesahau mafuta ya kukaangia mara ya kwanza huyasahau na mara ya pili.

Usahihi unataka kipimo kingine cha kulinganishia. Mwaka 1985 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wauguzi 173 waliojaza hojaji ya vyakula 61, na pia wakaandika kila walichokula kwa wiki nzima, mara nne katika mwaka. Wengine huwauliza watu walichokula saa 24 zilizopita, kwa siku kadhaa zisizofuatana. Ila anayesimulia ni yule yule, na aibu ya kutaja soda ya tatu ni ile ile. Ndiyo maana mimi naamini zaidi vipimo vya mwilini: nitrojeni katika mkojo wa saa 24 huonyesha protini, na sodiamu huonyesha chumvi. Katika jimbo la Maryland, Marekani, mwaka 1999 na 2000, watu wazima 484 walipimwa kwa njia kama hizo, na ikaonekana kuwa kwenye hojaji wanaume kwa wanawake walitaja nishati pungufu kuliko waliyokula kweli, kwa takriban thuluthi.

Hapo pana mtego wa hesabu. Kila mtu akitaja nusu tu ya chumvi anayokula, uwiano kati ya hojaji na mkojo utaonekana mzuri ajabu, kwa sababu mpangilio wa watu haukubadilika: mlaji mkubwa bado yuko juu. Hojaji hiyo yafaa kutenganisha wanaokula chumvi nyingi na wanaokula kidogo. Haifai kabisa kusema nani amevuka gramu 5 kwa siku, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri tusikifikie.

Na hojaji iliyofaulu Boston, Marekani, haijafaulu Mombasa. Haina mahamri, mbaazi za nazi wala viazi karai. Hata ukiviongeza, kiasi kinabaki kitendawili. Nyumba nyingi za Mji wa Kale wali hupakuliwa kwenye sinia moja, watu wanne wakala pamoja, ukiuliza "sahani ngapi?" unamlazimisha mtu abuni. Heri umwonyeshe picha za sinia la wali na umwombe akuonyeshe upande wake uliishia wapi. Mchuzi wa nazi nao ni vivyo hivyo: uliopikwa kwa tui zito na uliopikwa kwa tui jepesi huandikwa kwa jina moja, ilhali mafuta yake yanapishana mbali. Tena, anayehojiwa Ramadhani, kichwa kimejaa kaimati, tambi na mihogo ya nazi, ataueleza mwaka mzima kama mwezi huo.

Nyumbani, anayejua tui na mafuta ni mpishi, kwa hiyo yeye naye aulizwe hata kama hojaji ni ya mumewe. Kwa vya kibandani, mlaji hana namna ya kujua. Mpimaji anunue bhajia zile zile, azipime kwa mizani na kupeleka sampuli maabara kupimwa mafuta.