Hakuna mzigo uliofika siku ya 25

Juzi tena. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu WhatsApp, kutoka kwa mteja mwenye duka la jumla la matairi ya bodaboda Kariakoo, na katikati yake ile sentensi: "Sasa mtaalamu, kama wastani wa mzigo kufika ni siku 25, si naagiza nikibakiwa na stoki ya siku 25? Hiyo nyingine unayoniambia niweke ni ya nini, kufungia hela?"

Sikumjibu. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeulizwa swali hilo na mhasibu wa kampuni nyingine, tena mwenye cheti ukutani, na mwezi uliopita na bwana mmoja wa dawa za mifugo. Naandika mara moja hapa. Anayefuata nitamtumia linki.

Tuanze na daftari. Mtunza stoo wa huyu bosi ana kaunta buku ambayo jalada lake lilishang'oka zamani, limeshikizwa kwa gundi ya karatasi. Kwa kalamu nyekundu anaandika tarehe kontena lilipopakiwa melini Mumbai, kwa bluu tarehe matairi yaliposhushwa stoo. Naliamini daftari hilo kuliko mfumo wao wa kompyuta, kwa sababu kwenye kompyuta tarehe ya kupokea mzigo ni tarehe ambayo karani alipata nafasi ya kuingiza ankara, na karani huziingiza zote Ijumaa. Mizigo 12 ya mwisho ilichukua siku hizi (tarakimu nimezigeuza kidogo ili mwenye mali asijulikane, ila umbo lake ni hilihili):

19, 21, 20, 22, 24, 19, 23, 21, 20, 41, 23, 47.

Jumla 300. Gawa kwa 12, unapata 25. Bosi hajakosea hesabu. Sasa nionyeshe mzigo uliofika siku ya 25. Haupo. Kumi iliwahi, miwili ilichelewa vibaya, na ile siku ya 25 ambayo biashara nzima imepangwa kuizunguka haijawahi kutokea hata mara moja. Ukiagiza kwa wastani, mara kumi utajiona bingwa. Mara mbili utakaa na stoo tupu, siku 16 mara ya kwanza na siku 22 mara ya pili. Na dereva wa bodaboda aliyepasukiwa na tairi hasubiri siku 22. Hasubiri hata dakika 22, anavuka barabara tu.

Sasa hesabu, haraka haraka. Duka linauza matairi 40 kwa siku, na mauzo yanapanda na kushuka kwa mkengeuko (kiasi cha kawaida cha kuyumba kutoka kwenye wastani) wa kama 12. Muda wa mzigo ni siku 25, mkengeuko wake kama siku 9. Akiba ya tahadhari, ile "nyingine" anayoiulizia bosi, ni 1.65 mara kipeuo cha pili cha (muda mara mkengeuko wa mauzo kwa mraba, jumlisha mauzo kwa mraba mara mkengeuko wa muda kwa mraba). 1.65 ni ya asilimia 95, yaani usiishiwe mara 95 katika 100. Kipeuo cha 3,600 + 129,600 ni 365, mara 1.65 ni matairi 602. Jumlisha 1,000 ya wastani, unaagiza stoki ikifika 1,602, ukihesabu iliyo stoo pamoja na iliyo majini. Tafadhali usisahau iliyo majini. Nimeona mtu akiagiza kontena tatu kwa kusahau.

Itazame ile jumla tena: 3,600 na 129,600. Ya kwanza inatokana na wateja, ya pili inatokana na meli, bandari na makaratasi. Watu wananijia na programu za kubashiri mauzo, sijui akili bandia ya kutabiri tairi litauzwa lini. Hata ukiyajua mauzo ya kila siku bila kukosea, umeondoa 3,600. Ile 129,600 imekaa palepale inakucheka, na akiba yako imeshuka kutoka 602 hadi 594. Matairi manane. Hongera.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki kinachofuata, na hapa mnivumilie.

Baada ya kuelewa kwamba muda wa mzigo ndio tatizo, kila bosi hukimbilia jibu moja: tutafute wakala wa haraka. Analipa zaidi, wastani unashuka kutoka siku 25 hadi 20, anatangaza ushindi kwenye kikao. Piga hesabu. Kama kuyumba kumebaki siku 9, akiba ya tahadhari inashuka kutoka 602 hadi 601. Tairi moja na ushei! Anafaidi upande mwingine, sikatai, kwa sababu mzigo ulio njiani umepungua kwa matairi 200, na hiyo ni hela ya kweli. Lakini wasiwasi wake wa kuishiwa uko palepale.

Mchukue sasa wakala wa pili, ambaye wastani wake ni uleule wa siku 25 lakini anayumba kwa siku 4 badala ya 9. Akiba inashuka hadi 282. Umeokoa matairi 320 na hakuna aliyekimbia hata hatua moja zaidi. Na ukitaka kumkasirisha bosi kabisa, mletee wa tatu: mzito, siku 32, ila hayumbi zaidi ya siku 2. Akiba yake ni 173, mzigo ulio njiani 1,280, jumla 1,453. Yule wa mwanzo wa siku 25 alikuwa na jumla 1,602. Mchelewaji mwenye msimamo anakufungia hela kidogo kuliko huyo wa siku 25 asiyeaminika. Nimelisema hili kwenye kikao nikaangaliwa kama mganga aliyekosea ramli.

Halafu kuna wanaogombania kiasi. Tuagize 2,000 au 2,400? Wanachora majedwali ya Eksel mpaka usiku. Fomula ya kiasi cha kuagiza ni ya Ford Whitman Harris, ya mwaka 1913, na uzuri wake mkubwa ni kwamba haijali sana ukikosea: ukiagiza mara mbili ya kiasi sahihi, au nusu yake, gharama za kuagiza na kutunza zinapanda kwa asilimia 25 tu. Ukikosea kwa asilimia 20, hutaliona kosa lenyewe kwenye vitabu. Isitoshe, mwisho wa siku kiasi kinaamuliwa na ukubwa wa kontena. Swali la "kiasi gani" lina mto laini chini yake. Swali la "lini" chini yake ni sakafu ya saruji.

Sasa nikiri, maana vitabu huishia hapo juu na kufunga ukurasa.

Ile 1,602 niliyoitoa kwa mbwembwe inatosha siku 40. Rudi kwenye daftari: 41 na 47. Fomula yangu ingekwama mara zote mbili! Iliahidi kukwama mara moja katika 20, na kwa mtu anayeagiza matairi 2,000 kila siku 50 hiyo ni karibu miaka mitatu kwa mara moja. Kwenye data zilezile zilizoizaa, imekwama mara mbili katika 12. Sababu ni kwamba 1.65 inadhani ucheleweshaji una umbo la kengele, kushoto sawa na kulia. Mizigo haina umbo hilo. Hakuna kontena litakalofika kutoka Mumbai siku ya 3 kufidia lile la siku ya 47. Meli ina kikomo cha kuwahi na haina kikomo cha kuchelewa.

Kwa hiyo kwa wateja wadogo siku hizi fomula naitumia kuonyesha kipi ni kizito, si kutoa namba ya mwisho. Namba ya mwisho naitafuta kwa njia ya kienyeji: tunaandika zile siku 12 kwenye vikaratasi, tunatia kwenye kofia, tunachomoa kimoja, tunatoa mauzo ya siku hizo kwenye stoki, tunarudisha kikaratasi, tunachomoa tena. Kompyuta inafanya mara elfu kumi kwa sekunde, lakini mara 20 za kwanza nataka bosi achomoe kwa mkono wake. Akichomoa 47 mara mbili mfululizo, hoja yangu haihitaji tena kipeuo. Ni kweli kwamba vikaratasi 12 ni vichache, na kofia haijui balaa ambalo halijaandikwa.

Jambo jingine: zile 41 na 47 si ugonjwa mmoja. Ile ya 41, kontena lilishushwa Salalah, Oman, kubadilishiwa meli, likaikosa meli ya kuunganisha na kusubiri nyingine. Ile ya 47, meli ilitia nanga Dar es Salaam siku ya 14. Siku ya 14! Siku 33 zilizobaki kontena lilikaa bandarini na demareji (tozo ya kuchelewesha kontena) ikihesabika, kwa sababu cheti cha ubora kilichotolewa kabla ya kupakia kilikuwa na namba ya ankara iliyozidi tarakimu moja. Aliyechapa yuko India, aliyelia yuko Kariakoo. Sasa niambie, dawa ya hilo ni kuweka matairi 600 stoo? Dawa ni mtu mmoja kusoma nakala ya cheti na ankara zikiwa pamoja mezani kabla meli haijang'oa nanga. Toa ile 47 weka 23, wastani unakuwa siku 23 na mkengeuko unashuka hadi siku 6. Hakuna programu ya ughavi itakayokuuzia hilo, kwa sababu kwenye mfumo siku zote 47 zimeandikwa kama namba moja.

Na kabla hujayaamini yale mauzo 40 kwa siku: siku ambazo stoo ilikuwa tupu daftari liliandika sifuri. Ile si sifuri ya wateja, ni sifuri ya matairi. Ziondoe kabla ya kutafuta wastani, la sivyo kila ukiishiwa, hesabu itakuambia watu wamepunguza kununua, utaagiza kidogo, utaishiwa tena.

Kosa langu mwenyewe nimeliweka mwisho. Bosi huyuhuyu ana tawi Mtwara. Kila upande ulikuwa na akiba yake, nami nikamshauri zikusanywe Dar, Mtwara ibaki na ya siku chache. Hoja ni ya kitabuni na ni sahihi: maeneo mawili yasiyotegemeana, yenye kuyumba sawa, yakiunganishwa yanahitaji akiba ndogo kwa karibu asilimia 29, maana wakati huku mauzo yamepanda kule yanaweza kuwa yameshuka. Lori la Mtwara lilikuwa linachukua siku mbili, kila mara siku mbili. Kuyumba karibu sifuri. Niliringa.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kikapiga pwani, mvua ikakata barabara ya kwenda Lindi na Mtwara pale Somanga. Matairi yalikuwa Dar yote, yamepangwa vizuri. Njia iliyobaki ilikuwa kuzungukia Morogoro, Iringa, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi, zaidi ya kilomita 1,500 badala ya mia tano na kitu, na nauli ya lori ikala faida yote ya mzigo. Bosi alinipigia simu, hakufoka. Alisema tu, "Kwa hiyo mtaalamu, ile siku mbili ilikuwa wastani?"

Tangu hapo Mtwara ina akiba ya wiki tatu kuanzia Februari hadi mwisho wa masika. Hakuna fomula iliyonipa wiki tatu. Nilipatana nayo na meneja wa tawi kwa simu, yeye akitaka nne, mimi nikitaka mbili. Lori lilipofika hatimaye, mtunza stoo aliniuliza kama safari ile aiandike daftarini au airuke, kwa kuwa itaharibu wastani. Nikamwambia aandike. Ipo, kwa bluu, na pembeni ameandika "mvua". Kila nikifungua Eksel ya Mtwara naiingiza, naitazama inavyoharibu kila kitu, naitoa, halafu naiingiza tena.