Ukiushi si kosa lililosamehewa

Nasahihisha majibu ya ushairi, na tena nakutana na sentensi ileile: "Mshairi amefanya ukiushi, yaani amekosea sarufi, lakini anaruhusiwa kwa kuwa ni mshairi." Hapana! Kosa likiruhusiwa hubaki kosa. Ukiushi, yaani kuiacha kwa makusudi kaida fulani ya lugha au ya utungaji, ni jambo jingine kabisa.

Kukiuka, kabla ya kuingia kwenye mambo ya sheria, ni kupita juu ya kitu. Pasipo kitu cha kupitwa hakuna kukiuka. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: imekiukwa kaida ipi? Anayeorodhesha inkisari (kufupisha neno), mazida (kulirefusha), tabdila (kubadili sauti yake) na kuboronga sarufi (kupangua mpangilio wa maneno), akaambatisha mifano, bado hajaeleza chochote.

Inkisari sitaikalia. "Aliyekuja" ina mizani (silabi) 5, "alokuja" 4. Mtunzi wa tarbia, shairi la mistari minne kwa ubeti, mwenye kipande (nusu ya mstari) cha mizani 8 anahesabu, anachagua. Mazida ni kinyume chake. Tusonge.

Kinachonikera ni lahaja. Mwanafunzi anasoma beti za Muyaka bin Haji wa Mombasa, anakuta "mato" (macho), "nti" (nchi) na "ndia" (njia), anaandika kwamba mshairi amekiuka Kiswahili sanifu. Muyaka alifariki karibu mwaka 1840. Kamati ya kusanifisha lugha kwa msingi wa Kiunguja, lahaja ya Unguja, iliundwa mwaka 1930. Atakiukaje kaida ambayo haikuwapo? Alitunga kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, na katika Kimvita "mato" ndiyo kaida yenyewe. Tukisema ametumia "mato" badala ya "macho" tumeshamsingizia, maana hakubadilisha kitu. Hata hiyo "alokuja" tunayoiita inkisari ni umbo la kawaida kwa wasemaji wengi wa pwani. Lakini mtunzi wa leo anayeandika "macho" shairi zima, kisha akaleta "mato" pale tu kina, yaani silabi ya mwisho inayopaswa kufanana, kinapotaka -to, huyo amekiuka, na sababu yake tunaiona. Neno ni moja, hukumu ni mbili.

Hapo katikati yupo Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, na hapo mimi mwenyewe nayumba. Mashairi aliyoyatunga gerezani kati ya 1969 na 1972 yamejaa Kimvita, wakati ambapo Kiswahili sanifu kilikuwa kimeshika shule na magazeti. Je, amekiuka kaida ya taifa au amefuata kaida ya nyumbani kwao? Kuna siku nashikilia jibu la kwanza, kuna siku la pili. Vitabu vya kiada humpachika lebo ya "lahaja" vikapita.

Kisha yapo mashairi huru. Diwani ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1974, wanamapokeo, yaani washairi wanaoshikilia kanuni za jadi, walilalamika kwamba mashairi yasiyo na vina na mizani si mashairi. Angalia kilichotendeka. Mwanamapokeo huivuruga sarufi, akasema "changu kitabu" badala ya "kitabu changu", ili alinde vina na mizani. Kezilahabi aliviacha vina na mizani, na mara nyingi sentensi yake ikasimama sawasawa kisarufi. Ni nani kati yao mkiushi? Wote wawili, kila mmoja kwa kaida yake. Ukimwita Kezilahabi peke yake mkiushi, umeshachagua upande bila kujitambua. Na leo, mashairi huru yakiwa yamezoeleka kiasi hiki, sina hakika kwamba kuacha vina peke yake bado kunastahili kuitwa ukiushi.

Jambo la mwisho, la wanaosoma tenzi kongwe. Nyingi zimetufikia kwa hati za Kiarabu, na hati hizo kwa kawaida hazikutenganisha i na e, wala u na o. Ukikuta irabu ya ajabu katika chapa ya sasa, usikimbilie kuandika "ukiushi". Huenda ni uamuzi wa aliyeihamishia kwenye hati za Kilatini, na mtunzi hakuwahi kuitamka hivyo.