Programu ya ghala kusomana na mifumo mingine: maana yake

Mifumo kusomana ni hali ya programu mbili au zaidi kupeana taarifa zenyewe, bila ya karani kukaa katikati akinakili kutoka skrini moja kwenda nyengine. Programu ya ghala huunganishwa hasa na ya mauzo, ya manunuzi na ya hesabu.

Tuseme muuzaji wa jumla wa Unguja ana ghala mtaa wa Amani na anapeleka vinywaji hoteli za Nungwi. Oda ikiingia kwenye mauzo, ghala linaipata papo hapo na stoki hiyo inashikwa asiuziwe mwengine. Mzigo ukishapakiwa na kuthibitishwa, hesabu inatoa ankara yenye VAT. Hapo uangalie: programu iliyopangwa kwa ajili ya Bara huja na 18%, na kiwango cha kawaida cha Zanzibar ni 15%.

Wengi hudhani shida iko kwa mafundi. Kwa ninavyoona mimi, kinachochelewesha kazi ni watu wa mauzo na wa ghala kutokubaliana majina na vipimo. Mauzo wanaandika maji 40 wakikusudia katoni. Ghala linahesabu chupa, na katoni moja ina chupa 12. Gari inafika Nungwi na katoni tatu na chupa nne, na simu za hoteli zinaanza. Ndiyo maana kila bidhaa hupewa namba moja inayotumika kote, na kila taarifa huwa na mwenyewe: idadi ni ya ghala, bei ni ya mauzo, deni la mteja ni la hesabu. Wengine wanasoma tu, hawabadilishi.

Njia za kuunganisha ni kupitia API, yaani mlango ambao programu moja huutumia kuzungumza na nyengine, taarifa ikapita saa ileile, au kwa faili linalotumwa kila usiku. Mwenye oda chache faili linamtosha, wala asione haya. Ila mtandao ukikatika, ujumbe usubiri kwenye foleni na uwe na namba yake, ili ukitumwa mara mbili wa pili ukataliwe. Bila ya hivyo oda moja hupakiwa mara mbili.

Mwenye tawi Pemba ana jambo jengine. Mzigo umeshatoka bandari ya Malindi, Unguja, haujafika bandari ya Mkoani, Pemba: ni stoki ya nani? Ikibaki Unguja, utauzwa ungali majini. Ikiandikwa Pemba, Chake Chake wataahidi wateja kitu ambacho hawana. Kwa hiyo kwenye mfumo hufunguliwa ghala la tatu, "njiani", lisilo na ukuta wala mlango. Mzigo hukaa humo mpaka mpokezi aukague. Katoni zilizorowa au kupungua huonekana zimepotelea hatua gani, na hesabu huamua izifute au imdai msafirishaji.